Kukodi gari la kuhamia: Bei ya kijiweni na gharama za njiani

MFANYABIASHARA anayehamisha duka kutoka Ngamiani mjini Tanga kwenda Dar es Salaam kwa kawaida huuliza swali moja tu anapofika kwenye kijiwe cha magari: "Canter mpaka Dar bei gani?" Hutajiwa bei, hupunguziwa kidogo, na pande zote mbili hushikana mikono. Kuanzia hapo mpaka boksi la mwisho linaposhushwa, bei hiyo huweza kuongezeka mara tatu au nne, na kila nyongeza huja wakati ambapo mwenye mali hana nguvu ya kukataa, kwa kuwa mali yake yote iko juu ya gari la mtu mwingine.

Si ulaghai peke yake unaoleta hali hiyo. Sehemu kubwa hutokana na kutokueleza kinachouzwa. Mwenye gari anauza safari. Mwenye mali anadhani amenunua kuhamishwa. Kati ya mambo hayo mawili kuna kupakia, kufunga kamba, kufunika turubai, kupita mizani, kulala njiani, kushusha na pengine kupandisha makabati ghorofa ya tatu. Juu ya yote kuna swali la nani atakayelipa iwapo friji la vinywaji litafika likiwa limebonyea. Hilo la mwisho ndilo lenye fedha nyingi kuliko mengine, nalo ndilo ambalo halitajwi kijiweni.

Kampuni zinazofanya kazi ya kuhamisha kwa ukamilifu wake, yaani kufungasha, kusafirisha na kupanga upya, nyingi zina makao Dar es Salaam. Katika Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga kazi hii iko zaidi mikononi mwa wenye magari mmoja mmoja: kirikuu kwa kuhama mtaa hadi mtaa, Canter kwa nyumba au duka la kawaida, na Fuso kwa mwenye bohari. Mara nyingi katikati yao na mteja yupo dalali.

Nani hasa anayekodisha

Dalali si mtu mbaya. Anajua gari gani limeshusha mzigo jana na linatafuta wa kurudi nao, na ujuzi huo una thamani. Lakini dalali haendeshi gari na wala hamiliki gari. Akishapokea chake, kazi yake imekwisha. Dereva naye mara nyingi ni mwajiriwa anayepeleka hesabu kwa tajiri ambaye mteja hajawahi kumwona. Mali inapopotea, dalali husema alikuwa mjumbe tu, dereva husema alipakia alichopewa, na tajiri husema hajui lolote kuhusu mapatano hayo.

Kwa hiyo kabla ya bei, mfanyabiashara makini huanza na majina. Jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari ndilo la mwenye mali ya kudaiwa siku mambo yakiharibika. Gari la mizigo la kukodishwa linatakiwa pia kuwa na leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Kunakili namba ya gari, jina la mmiliki, namba ya leseni ya dereva na simu za wote wawili ni kazi ya dakika tano. Mwenye gari anayekasirika kwa kuulizwa hayo amekwisha kujibu swali.

Malipo nayo yafuate majina. Fedha zikitumwa kwa simu, jina linalojitokeza linapaswa kuwa la mtu aliyepatana, au mwenye gari athibitishe kwa ujumbe kwamba mpokeaji ni wake. Utaratibu wa nusu kabla ya kuondoka na nusu baada ya kushusha unaeleweka kwa pande zote. Anayetaka yote kabla ya kupakia anamwomba mteja aache silaha yake pekee nyumbani.

Desturi ya kulipa sehemu mbele ni ya zamani katika mwambao huu. Katika karne ya 19, misafara iliyopanga safari za bara kutokea Pangani na bandari nyingine za pwani iliwalipa wapagazi sehemu ya ujira kabla ya kuondoka, na kila mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wapagazi kutoroka njiani, wakati mwingine na mzigo, lilikuwa lalamiko la kila mwenye msafara.

Hesabu ya mafuta

Nyongeza ya kwanza inayotajwa na madereva ni mafuta. Hapa mwenye mali anaweza kujitetea kwa kalamu na karatasi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei za kikomo kila mwezi, na mabadiliko huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei za mafuta yanayopokelewa katika bandari ya Tanga hutajwa mbali na zile za Dar es Salaam na Mtwara. Anayepatana tarehe 28 ili ahame tarehe 6 anapaswa kujua kwamba kati ya siku hizo bei inaweza kubadilika, na mapatano yaseme nani atabeba badiliko hilo.

Ukubwa wa badiliko nao unapimika. Kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 350. Ikichukuliwa kwamba Canter iliyojaa inakwenda kilometa 5 kwa lita moja, safari ya kwenda inahitaji lita 70, na kwenda na kurudi lita 140. Dizeli ikipanda kwa Sh. 100/- kwa lita, gharama ya mwenye gari imeongezeka kwa Sh. 14,000/- tu. Dereva anayedai Sh. 80,000/- zaidi kwa sababu "mafuta yamepanda" anazungumzia jambo jingine.

Jambo hilo jingine mara nyingi ni safari ya kurudi tupu. Gari la Dar es Salaam lililoleta bidhaa Tanga linatafuta mzigo wa kurudi nao, na bei yake huwa nafuu kuliko ya gari la Tanga litakalolazimika kusubiri mzigo Dar es Salaam. Lakini nafuu hiyo hutegemea msimu. Machungwa ya Muheza yanapoiva kwa wingi katikati ya mwaka, magari yanayokwenda Dar es Salaam hayana shida ya mzigo, na mwenye makabati na viti hana cha kumtishia dereva. Mwenye uhuru wa kuchagua mwezi wa kuhama anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko yule anayebishana bei nusu saa.

Kuna pia kuchangia gari, ambapo wateja wawili au watatu hupakia pamoja. Ni rahisi kwa anayehamisha vitu vichache, lakini yule anayeshuka wa mwisho hutembezwa mji mzima, na boksi likikosekana huwezi kujua limeshuka na nani. Mwenye bidhaa za dukani asichangie gari bila kuandika idadi ya maboksi na kuyatia alama kwa wino usiofutika.

Mizani, ushuru na risiti

Nyongeza ya pili hutokea barabarani. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, gari lenye uzito wa jumla wa tani 3.5 au zaidi linatakiwa kupita mizani. Canter iliyopakiwa inafikia kiwango hicho kwa urahisi. Wengi hudhani tatizo ni uzito wa jumla peke yake, kumbe kila ekseli ina kikomo chake: gari linaweza kuwa ndani ya uzito unaoruhusiwa na bado likakamatwa kwa kuwa mashine ya kusaga na magunia vyote vimewekwa nyuma. Likizidi, huzuiwa mpaka tozo ilipwe na mzigo upunguzwe au upangwe upya. Kwa gari lililofika Vigwaza saa nane usiku, kupunguza mzigo ni kutafuta gari la pili porini.

Nani alipe? Aliyeupanga mzigo ni dereva na utingo wake, nao ndio wanaojua uwezo wa gari. Lakini mwenye mali aliyesema ana "vitu vya nyumba tu" kisha akaongeza mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani moja kamili, hawezi kumlaumu mtu. Njia safi ni kumleta mwenye gari aone mzigo kabla ya kutaja bei. Bei iliyotolewa kwa simu bila kuona mzigo ni makisio.

Mazao yana utaratibu wake. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, anayesafirisha mazao yasiyofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Magunia manane ya mahindi ya kilo 100 yanapita. Magunia 15 yanadaiwa ushuru, na gari zima, pamoja na vitanda, husimama getini likisubiri. Mwenye mbao zilizobaki za rafu za duka anahitaji hati ya kusafirisha mazao ya misitu kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Bidhaa mpya za dukani zinahitaji risiti za EFD, kwa kuwa maofisa wa kodi husimamisha magari ya mizigo na kuziuliza. Vitu vilivyotumika vya nyumbani havina risiti, ndiyo maana wengi huomba barua ya serikali ya mtaa inayosema fulani anahama na vyombo vyake. Barua hiyo hainunui msamaha wa kodi, lakini hufupisha maswali.

Anayehamia Mombasa kupitia Horohoro anahitaji uangalifu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika vya mtu anayebadili makazi. Haitoi msamaha huo kwa katoni za vitenge. Kuchanganya viwili hivyo katika gari moja bila kuviorodhesha mbalimbali huwapa maofisa sababu ya kushusha kila kitu, na posho ya dereva kwa kila usiku wa kusubiri ni ya mwenye mali.

Risiti ya usafiri wenyewe nayo ina mshituko wake. Msafirishaji aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani anaweza kutaja Sh. 800,000/-, kisha mteja akiomba risiti aambiwe ni Sh. 944,000/-, kwa sababu ya asilimia 18 ambayo ni kiwango cha kawaida Tanzania Bara. Swali la kuuliza mapema ni kama bei imejumuisha kodi hiyo au la. Kuikwepa risiti si akiba kwa mtu mwenye biashara, kwa kuwa gharama isiyo na risiti ni vigumu kuitetea mbele ya TRA wakati wa hesabu za mwaka.

Mali ikiharibika

Kisheria, mtu anayepokea mali ya mwenzake ili aisafirishe hawezi kusema haimhusu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali kuitunza kama ambavyo mtu wa busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Ugumu uko katika ushahidi: maboksi yalikuwa mangapi, kioo kilikuwa kizima au tayari kina ufa, turubai lilikuwepo au halikuwepo.

Hapo ndipo orodha ya mizigo inapopata thamani yake. Karatasi mbili zenye maneno yale yale, moja ya dereva na moja ya mwenye mali, zikitaja kila kitu na hali yake, zikisainiwa gari likiwa bado limesimama Makorora, zina uzito kuliko mashahidi kumi. Picha za simu zilizopigwa kabla ya kupakia huongeza nguvu. Maneno machache chini ya orodha yanatosha: bei yote ni kiasi gani, inajumuisha kupakia na kushusha au la, makuli wa Dar es Salaam wanalipwa na nani, gari lifike lini, na tozo za njiani ni za nani.

Makuli ndio chanzo kikuu cha ugomvi wa kushusha. Gari likifika Kariakoo, vijana huizunguka mali kabla dereva hajazima injini, na bei yao hutajwa baada ya kabati la kwanza kugusa chini. Aliyepatana nao kwa simu jioni ya jana, au aliyemwekea mwenye gari jukumu hilo tangu Tanga, haingii katika mnada huo.

Wapo madereva wanaokataa kushusha mpaka waongezewe. Msafirishaji anaweza kuwa na haki ya kuzuia mali mpaka alipwe ujira wake, lakini ujira huo ni ule uliokubaliwa. Kuzuia mali hakuwezi kuzaa deni ambalo halikuwepo wakati wa kuondoka. Mwenye karatasi yenye bei na saini anaweza kuipeleka kituo cha polisi kilicho jirani na kueleweka. Asiye nayo, kwa kawaida hulipa.

Kampuni zenye fomu zao nazo zisomwe. Baadhi ya fomu zina mstari mdogo usemao kwamba mali inasafirishwa kwa hasara ya mwenye mali, au kwamba kampuni haihusiki na boksi lililofungwa na mteja mwenyewe. Masharti hayo hujadilika kabla ya saini. Kama kampuni haitaki kuwajibika kwa boksi la vyombo lililofungwa na mteja, basi ilifunge yenyewe na itaje bei ya kazi hiyo.

Bima ndiyo eneo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Bima ya gari mara nyingi ni ya madhara kwa watu wengine, ile ya lazima kisheria. Hiyo humlinda anayegongwa. Haijui habari za friji lililo nyuma. Hata bima kubwa ya gari hulipa gari, si mzigo. Kinachohitajika ni bima ya mizigo safarini, ambayo mwenye gari anaweza kuwa nayo au mwenye mali akaikata kwa safari moja kupitia wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Anayedai anayo aonyeshe hati, na isomwe inataja mizigo ya aina gani na hadi kiasi gani.

Kutaja thamani ndogo ili ada ipungue ni mtego. Chukua mali ya Sh. 10,000,000/- iliyokatiwa bima ya Sh. 5,000,000/-. Gari likipinduka na kuharibu vitu vya Sh. 2,000,000/-, mwenye mali hutarajia kulipwa zote, kwa kuwa hazijafika milioni tano. Chini ya sharti la uwiano ambalo ni la kawaida katika bima za mali, atalipwa nusu, yaani Sh. 1,000,000/-, kwa kuwa alikata bima ya nusu ya mali. Bima ya kutupa nusu ya ada imemgharimu milioni moja.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua Canter, habari hizi zina upande wa pili. Soko la kijiweni limejaa watu wanaoshindana kwa kushusha bei. Ni wachache wanaoshindana kwa karatasi: orodha yenye nakala, bei inayotaja makuli na kodi, bima ya mizigo inayoonyeshwa bila kuombwa, blanketi za kukuu za kufungia vioo. Mteja mwenye duka la thamani ya milioni 30 hatishwi na tofauti ya Sh. 100,000/- iwapo anajua mali yake itafika. Huyo ndiye mteja wa kumtafuta, na anaporidhika humtaja msafirishaji wake kwa wenzake wa mtaa mzima.

Wanaovuka kwenda Pemba kwa jahazi wana kanuni moja zaidi ya kuifahamu. Chombo kikielemewa na nahodha akaamua kutosa baadhi ya mizigo ili kuokoa chombo na watu, sheria ya bahari inayotambuliwa duniani huigawa hasara hiyo kwa wote waliookolewa, mwenye chombo na wenye mizigo iliyosalimika, kila mmoja kwa kadiri ya thamani yake. Mwenye mashine iliyofika salama anaweza kudaiwa mchango kwa ajili ya magodoro ya mtu asiyemjua. Bima ya mizigo ya baharini kwa kawaida hubeba mchango huo. Aliyesafiri bila bima huulipa mwenyewe. Orodha ya mizigo hapa ni muhimu zaidi kuliko barabarani, kwa sababu kilichozama hakitahesabiwa tena.

Siku ya kushusha, mwenye mali au mtu wake anapaswa kuwepo na orodha mkononi, akiweka alama kila kitu kinapogusa chini. Dereva huwa na haraka na huomba saini ya "nimepokea vyote salama" wakati nusu ya mali ingali juu ya gari. Saini hiyo ingoje. Kilichovunjika au kukosekana kiandikwe juu ya nakala zote mbili, dereva atie saini pembeni, na picha zipigwe kabla vipande havijafagiwa. Friji, hasa lililolazwa njiani, lisiwashwe mara moja. Liachwe limesimama saa kadhaa ili mafuta yarudi kwenye kompresa, vinginevyo litaungua na dereva hatakuwa na kosa.

Kama kuna bima, wakala aarifiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hati nyingi huweka muda mfupi wa kutoa taarifa. Msafirishaji asiyetaka kusikiliza anaweza kulalamikiwa katika ofisi ya LATRA, ambayo iko pia mkoani Tanga, au kwenye baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, LATRA CCC. Dai la fedha ndogo linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo bila wakili, na kitu cha kwanza kitakachoombwa huko ni ile karatasi iliyosainiwa kabla gari halijaondoka.